Mimi Nimepewa Fremu

Jumatatu, 11 Machi

Daftari hili ni langu na maandishi ni ya mkono wangu mwenyewe, mkono wa kushoto. Nasema mapema asije mtu akadai nimeandikiwa. Nilijifunza kusoma kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima, mvi zikiwa zimeshanijaa, na yule mwalimu alisema hajapata kuona mzee anayekamata herufi upesi kama mimi. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu sina cha kuficha.

Sababu ya kuandika ni hii. Jana ukoo ulikutana, wakakubaliana kwamba masika ikiisha tukutane tena, mti wa ukoo utundikwe ukutani, watoto wajue walikotoka, na siku hiyo hiyo atajwe mkubwa wa ukoo. Sasa mti auchore nani? Nikakohoa. Kati ya wanaume waliobaki, mimi ndiye niliyekula chumvi nyingi. Habari za Babu zote ziko kichwani mwangu kama misumari kwenye kopo. Nikakohoa tena. Wakasema kwa pamoja, "Achore Mwalimu!"

Huyo Mwalimu ni mtoto wa baba yangu mdogo. Alifundisha shule mpaka akastaafu, na mimi namwita Miwani, maana nadhani hata kuoga anaoga nayo. Akasimama, akashukuru, akapigiwa makofi. Kisha akanigeukia kwa ile sauti yake ya mbele ya ubao: "Na wewe kaka, utatutengenezea fremu."

Fremu. Mimi. Yeye achore ukoo, mimi nizungushe vijiti pembeni.

Mke wangu ananiuliza naandika nini. Nimemwambia naandika historia. Amesema, "Ukimaliza historia kuna mlango wa jiko, kitasa kimelegea."

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza. Paa langu halivuji. La Miwani linavuja, nimeambiwa.

Jumamosi, 16 Machi

Leo naandika habari za Babu, ijulikane nani anazijua.

Babu alikuwa seremala. Alikuwa mfupi, mfupi hasa, benchi lake la kazi alilikata miguu ili alifikie. Lakini mikono yake! Ule mlango mkubwa wa ghala la zamani kule sokoni, wa mbao mbili, uliochongwa majani na ndege, ni kazi yake. Nimeshawapeleka watu wengi kuutazama. Nawasimamisha mbele yake, nakaa kimya, nawaacha wagune wenyewe.

Baba yangu, kifungua mimba wake, alimwita "Baba Mdogo" mpaka siku ya mwisho, kwa ajili ya ule ufupi. Utani wa namna hiyo mzazi anamruhusu mtoto anayempenda kupita wengine. Baba yake Miwani hakuthubutu, alisema "Baba" kama watu wote. Na baba yangu ndiye aliyerithi karakana hii iliyo nyuma ya nyumba, na ndiye aliyerithi tezo la Babu, kile kishoka cha kuchongea mbao. Tezo ninalo mimi sasa. Mpini wake umelika kwa vidole vya mtu wa mashoto. Baba alikuwa wa mashoto, mimi wa mashoto, kwa hiyo na Babu alikuwa wa mashoto. Miwani anaandikia mkono wa kulia.

Nani basi amemrithi Babu?

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda kwa Miwani kupima karatasi ya mti. Nimerudi sijala.

Sebuleni kwake ameitandaza mezani, karatasi nene, kubwa kama shuka, amechora matawi kwa wino wa kijani na kila mtu ana kisanduku chake. Nakiri mwandiko ni mzuri. Roho iliniuma kwa jinsi ulivyo mzuri. Nikamtafuta Babu, nikamwona juu. Chini yake baba yake Miwani, na Shangazi. Baba yangu hayupo.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Yupo, kaka. Kaa kwanza unywe chai."

"Sikuja kunywa, nimekuja kupima. Yuko wapi?"

Akaweka kidole pembeni. Kando ya Babu kulikuwa na kisanduku kingine, cheupe, hakina jina, na baba yangu alikuwa ananing'inia chini ya hicho.

"Hicho ni cha nani?"

"Cha Msafiri."

Msafiri ni kaka yake Babu. Tunachojua ni kwamba zamani, sisi sote hatujazaliwa, alibeba mfuko wake wa vifaa akaenda kutafuta kazi mbali, hakurudi, na hakuacha mtoto. Ukoo wetu hata umefanya mzaha: mtu akitumwa dukani akachelewa, tunasema amekwenda safari ya Msafiri. Hilo ndilo debe tupu alilomtundikia baba yangu!

"Shangazi ndiye aliyeniambia," akasema Miwani. "Baba yako alizaliwa na Msafiri. Babu alimlea tu. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia taratibu."

"Taratibu! Umemng'oa baba yangu kwa Babu ili Babu ubaki naye peke yako!"

"Kaka, mimi nachora nilichoambiwa."

"Na mimi nimepima nilichokiona." Nikafunga futi yangu, nikaondoka. Njiani nikakumbuka sikuandika vipimo. Sirudi.

Alhamisi, 21 Machi

Nimerudi kupima. Hatukusemeshana.

Jumamosi, 23 Machi

Shangazi ni dada yake baba, mzee kuliko sisi sote, ngozi na mifupa na ulimi. Miaka yote anakaa kwa Miwani, na hilo nalo limekuwa likinikaa kooni, kwamba hazina ya ukoo anayo yeye. Leo nimekwenda na gari la mkokoteni na turubai.

"Paa lako linavuja," nikamwambia Miwani. "Shangazi atakaa kwangu masika hii. Langu halivuji, nilipiga mwenyewe."

Miwani alitaka kubisha. Shangazi akasema, "Acha niende. Nimechoka kusomewa magazeti."

Mke wangu amempa chumba cha mbele. Kisha amenivuta jikoni. "Umemleta kumtunza au umemleta kumhoji?"

"Vyote."

"Angalau umesema kweli, Mzee."

Ijumaa, 29 Machi

Tone moja, juu ya kitanda cha Shangazi. Tone moja si kuvuja.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua usiku na mchana. Kila masika mguu mmoja wa benchi langu unazama, ule wa nyuma upande wa kushoto, kwa sababu sakafu ya karakana ni udongo na pale pana ulaini. Nachonga kabari naipachika, benchi linakaa sawa. Baba naye alichonga kabari. Babu vile vile. Mimi nachonga nzuri kuliko wote, haionekani.

Nilimwita Shangazi aje aone mbao niliyochagua kwa fremu, mvule mkavu usiopinda. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama.

"Ingia, Shangazi."

"Naona kutokea hapa."

"Hapa huoni kitu, giza."

"Ndiyo maana naona," akasema, akarudi ndani kwa fimbo yake.

Ijumaa, 5 Aprili

Beseni moja chumbani kwa Shangazi. Mke wangu ameuliza kama hilo beseni nalo nimepiga mwenyewe.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimemkalisha Shangazi kibarazani, anachambua maharage, nikamwendea moja kwa moja.

"Shangazi, kwa nini ulimdanganya Miwani kwamba baba yangu si mtoto wa Babu?"

"Baba yako alimwitaje huyo Babu?"

"Baba Mdogo. Kwa ufupi wake. Utani huo kila mtu anaujua."

"Nani alikwambia ni utani?"

Hakuna aliyeniambia. Nimekuwa nikijua tu.

"Mdogo wake baba yako," akasema Shangazi, "yaani baba yake Miwani. Wewe ulimwitaje?"

"Baba mdogo."

"Haya."

Alisema "haya" tu, akatupa kokoto uani, akaendelea na maharage.

Jumatano, 10 Aprili

Neno nimelitamka maisha yangu yote na sikulisikia.

Lakini kama ni kweli, Babu si babu yangu. Ni wa Miwani. Yule wa mlango wa ghala, wa mikono ile. Sikubali. Nimemwambia Shangazi sikubali. Amesema hakuniomba nikubali, ameniomba nimsogezee beseni.

Jumatano, 17 Aprili

Siku nyingi sijaandika. Leo naandika mpaka mkono uchoke.

Asubuhi mvua ilikata kidogo. Nikamuuliza, "Sawa, tuseme Msafiri ndiye aliyemzaa baba. Msafiri alikwenda wapi?"

"Hakwenda."

Nikadhani hajasikia vizuri. Nikarudia kwa sauti. Akaniambia nisimpigie kelele, masikio yake ni mazima, na akaanza kusema, na aliposema hakunitazama.

Walikuwa ndugu wawili, mafundi, hapa hapa. Mkubwa alikuwa wa mashoto, mrefu, mpole, ana mke na mtoto anayejifunza kutembea. Mtoto huyo ni baba yangu. Mdogo alikuwa mfupi, hodari, hajaoa. Mbao walizipasua wenyewe kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake ndani ya shimo chini yake. Akaja tajiri mwenye ghala, anataka mlango ambao mji mzima utauzungumzia. Akatazama kazi za wote wawili. Mlango akampa mkubwa.

"Na mdogo?" nikauliza.

"Mdogo aliambiwa atengeneze fremu."

Shangazi ananijua. Alilisema neno hilo polepole, akanisubiri.

Walifanya kazi msimu mzima wa mvua. Mlango ulipokwisha watu wakaja kuutazama hata kabla haujasimamishwa. Walipita kwenye fremu kama wanapita kwenye ngazi iliyoegeshwa. Siku moja, mchana kweupe, mkubwa alikuwa shimoni anachota vumbi la mbao. Tezo lake alikuwa ameliacha juu, ukingoni. Mdogo aliliokota. Kutoka pale juu alikuwa anauona utosi wa kaka yake.

Alipiga mara moja. Halafu akapiga tena, kwa sababu ya mara ya kwanza.

Shimo akalifukia kwa lile vumbi na udongo. Akatangaza kwamba kaka yake amesafiri kutafuta kazi. Mfuko wa vifaa aliufukia naye, lakini tezo hakulifukia. Shangazi hajui kwa nini. Baadaye akamchukua shemeji yake akamweka ndani, wakamzaa baba yake Miwani, wakamzaa yeye Shangazi.

"Bibi alijua?"

"Mama alikuwa jikoni. Alisikia. Alikuwa na mtoto mgongoni na hana pa kwenda. Alikaa na mtu huyo mpaka akafa, akampikia, akamzalia. Mimi aliniambia kwa sababu ni mtoto wa kike. Aliogopa wa kiume atalipiza."

"Na baba yangu?"

"Alikuwa mdogo mno kujua. Ila alikuwa ameshajifunza maneno machache, na mojawapo ni Baba Mdogo. Alichapwa ili aseme Baba. Alichapwa sana. Hakusema. Ukubwani alikuwa hakumbuki tena kwa nini hasemi, lakini hakusema. Ule ukichwa ngumu wako unadhani uliuokota wapi?"

Nilitaka kucheka na machozi yalikuwa yananitoka.

"Shimo liko wapi?"

"Unakata kabari kila masika, mwanangu, hujui shimo liko wapi?"

Alhamisi, 18 Aprili

Nitaandika kweli hata kama si nzuri. Jana baada ya yote hayo nilikwenda uani nikafurahi. Nilifikiri: Miwani ni mjukuu wa muuaji! Mimi ni mjukuu wa mkubwa, wa mwenye mlango, wa mwenye haki. Siku ya mkutano nitasimama, nitaweka tezo mezani juu ya karatasi yake ya wino wa kijani, niseme, hiki ndicho babu yako alichomrithisha babu yangu. Tuone nani atapigiwa makofi.

Nikaingia na furaha hiyo ndani. Nikamuuliza Shangazi, "Miwani anajua haya ya shimoni?"

"Anajua ya kuzaliwa tu. Ya shimoni sikumwambia."

"Kwa hiyo ule mlango si wa Babu, ni wa kwangu?"

"Si wa Babu."

"Na ukubwa wa ukoo ni wangu kwa haki?"

Akaweka fimbo chini. "Huyo unayemchekelea ni baba yangu. Alinibeba mabegani, na kwa ufupi wake miguu yangu ilikuwa inagusa mkanda wake. Nimelala na habari hii maisha yangu yote. Nataka isemwe kabla sijafa, lakini kama utaisema kwa ajili ya kumkomoa Miwani, utakuwa umempiga yule wa shimoni mara ya tatu."

"Mimi nataka haki yake."

"Umeniuliza maswali yote hayo, mwanangu. Kuna moja hujaniuliza."

Nimelifikiria swali hilo silioni. Mabeseni sasa ni matatu.

Jumapili, 21 Aprili

Miwani alikuja kumjulia hali Shangazi. Kamletea sweta. Shangazi akamshika mashavu kwa mikono yote miwili. Mimi hajawahi kunishika mashavu.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Nilichonga fremu pande mbili. Nimechora majani na ndege kwenye ubao, kama ya mlango, nitawaonyesha.

Jumanne, 30 Aprili

Nilikwenda sokoni kuutazama mlango, sasa najua ni wa nani. Nilikuwa nimejiandaa kujivuna upya. Majani, ndege, vyote vipo pale pale, na kila jani lina mshipa wake ulioinamia kushoto, jambo ambalo miaka yote sikuliona.

Mvua ikashika, nikajibanza ukutani, uso karibu na fremu, na kwa kukosa kazi nikaitazama. Sijawahi kuitazama. Ni kazi ya ajabu. Pembe zimeungana bila gundi wala msumari, hata wembe haupiti, na katikati ya mbao zake amechonga uzi mmoja mwembamba unaozunguka kutoka chini kushoto mpaka chini kulia, haujakatika popote. Miaka yote hiyo, mvua na jua, haujafunguka.

Nimewaleta watu wangapi hapa, na hakuna hata mmoja aliyeigunia fremu. Na mimi ndiye niliyekuwa nawashika mikono nawaonyesha mlango.

Nilisimama pale nikamwonea huruma muuaji. Halafu nikamwonea wivu Miwani, kwamba mwenye uzi ule ni babu yake. Jamani, mpaka muuaji ananiuma nikipokonywa! Nikajitemea mate miguuni, nikarudi na mvua yangu.

Alhamisi, 2 Mei

Mke wangu amesema siku hizi nimekuwa mpole na anaogopa naumwa.

Jumapili, 5 Mei

Benchi limezama tena. Nilichonga kabari, nikapiga goti niipachike, na mkono ukagoma.

Nilikaa chini pale pale. Nikamfikiria mtu yule bila Miwani, bila mlango, bila ukubwa wa ukoo. Mtu anachota vumbi la mbao ana mtoto nyumbani anayejifunza kutembea. Nimesimama juu yake tangu nikiwa kijana, nikipiga randa, nikiimba, nikijisifu. Nilitaka kumwomba radhi, nikafungua mdomo, nikaona sina cha kumwitia. Msafiri ni mzaha. Msafiri ni uongo aliotungiwa na aliyemuua.

Nikaenda chumbani kwa Shangazi na kabari mkononi.

"Alikuwa anaitwa nani?"

Shangazi alinitazama mpaka nikadhani amesinzia macho wazi. Kisha akasema, "Sasa umeuliza."

Akanishika mashavu, akanivuta, akalitia jina sikioni.

Hapa siliandiki. Karatasi inalowa, na chumba hiki kinavuja, haya, nimesema. Nitalichonga.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kwa Miwani. Nilimkuta amepanda kiti anaziba bati kwa sabuni.

"Nani amekufundisha kuziba bati kwa sabuni?"

"Kitabu, kaka."

Nikamwambia ashuke, akae. Nikamwambia yote, tangu fremu hadi shimo. Nilikuwa nimeyapanga niyaseme kama mtu anayepigilia msumari, na yakatoka kama mtu anayeung'oa. Alivua miwani. Sijawahi kuyaona macho yake hivyo, ni madogo, na yanafanana na ya baba yangu.

"Basi mimi ndiye sifai kuuchora," akasema. Akanisogezea karatasi, kalamu na wino wa kijani. "Uchore wewe. Ni haki yako."

Nilichokuwa nakitaka tangu mvua ya kwanza, hicho hapo, mbele yangu. Nikaishika kalamu. Nikaiona nafasi ile nyeupe, ndogo, na nikaziona herufi zangu zilivyo, kila moja inamwegemea mwenzake kama walevi wanaorudi nyumbani. Ningemharibia.

"Andika wewe," nikamwambia. "Mimi nakutajia."

"Kaka, si lazima tuseme ya shimoni mbele ya watoto. Jina lingetosha."

"Baba yangu alichapwa ili aseme uongo, akakataa. Tutayasema."

Akasema, "Basi niwe nimekaa karibu na Shangazi wakati unasema."

"Kaa."

"Na mimi kwako ni nani sasa?"

Nikapiga hesabu. Mama wa baba zetu ni mmoja. Baba zao ni ndugu. Ukiizungusha vyovyote inarudi pale pale. "Wewe ni mdogo wangu," nikasema. "Bahati yako mbaya."

Jumamosi, 11 Mei

Ukoo umekutana. Mvua haikunyesha.

Miwani alisoma mti kutoka chini kwenda juu. Watoto walishangilia walipotajwa. Alipofika juu akasimama, akaenda kukaa karibu na Shangazi. Wakanitazama mimi. Tezo lilikuwa kwenye mfuko wa kazi, chini ya kiti, nikaliacha huko huko.

Nikasema, "Msafiri hakusafiri."

Shemeji mmoja mcheshi akacheka, akadhani ni ule mzaha wetu. Alipoona sicheki akakata katikati. Nikasema yote, kwa kifupi, bila kupiga chuku, jambo ambalo mke wangu anasema hajawahi kulishuhudia. Nilisema aliyeuawa ni nani, na aliyeua ni nani, na alimpiga na nini, na yuko wapi. Nilisema aliyeua alikuwa fundi, na kwamba kazi yake ipo sokoni, waende wakaitazame na yenyewe. Kisha nikalitaja jina, wakalirudia wote, watoto nao, na Shangazi akajifunika uso kwa kanga. Miwani alikuwa amemshika mkono. Hakuinamisha kichwa.

Kwenye fremu nimelichonga jina hilo, juu katikati. Majani na ndege sikuvichonga. Nimezungusha uzi mmoja tu, kutoka chini kushoto mpaka chini kulia. Umekatika mahali pamoja, karibu na pembe, patasi iliteleza. Wa yule mfupi haukukatika popote.

Watu wengi walisifu mwandiko. Walisifu kupita kiasi, mimi naona. Fremu aliisifu mmoja, mke wangu.

Ikaja zamu ya mkubwa wa ukoo. Sikukohoa. Wakamtaja Shangazi, na Shangazi akasema imewachukua muda mrefu.

Jumatatu, 13 Mei

Nimehamisha benchi. Liko upande wa dirisha. Pale lilipokuwa tumeweka jiwe, na hakuna atakayesimama juu yake tena. Mwanga wa dirishani ni mzuri zaidi, nilipaswa kuhama zamani.

Jumanne, 14 Mei

Jua. Shangazi amesema anakaa hapa hapa, chumba hiki hiki, ila paa litengenezwe. Miwani amekuja kusaidia, bila kuitwa, na hakuna anachokijua isipokuwa kushika ngazi.

Nilipanda na tezo kuchonga ubao mpya wa kushikia bati. Mke wangu aliuliza kama sasa nitaendelea kulitumia. Nimemwambia mwenye tezo alilishika kwa kazi nzuri miaka yote, ile moja ni siku ya mtu mwingine.

Nikiwa juu nilimsikia Miwani anamweleza mke wangu jinsi bati linavyopanuka kwa joto. Anaeleza vizuri. Mke wangu anaitikia, "Kumbe!" Mimi kwa miaka yote hii sijaitikiwa kumbe hata moja. Nikatazama chini. Alikuwa ameinama kuokota misumari yangu, ngazi ameiegemeza begani, na utosi wake ulikuwa pale chini yangu kabisa, una upara mdogo, duara. Tezo lilikuwa mkononi mwangu. Nikaelewa jinsi lilivyo jambo la kitambo kifupi. Hata hasira haihitajiki.

"Miwani!"

"Naam, kaka."

"Pokea hili."

Nikamteremshia, mpini mbele. Akalipokea kwa mkono wa kulia, akaligeuza, akajaribu vidole vyake kwenye zile alama, akageuza tena.

"Kaka, mpini huu unanikataa."

Nimefurahi. Mungu anisamehe, nimefurahi mno. Nimemwambia alishike hivyo hivyo mpaka nishuke.

Paa halivuji. Mvua imekwisha, kwa hiyo hakuna wa kunibishia.